Korosho Nyuma ya Sikio: Nilivyohangaika na Keloidi

Nilitoga sikio kwa mara ya pili mwaka 2016, nikiwa na miaka 22, kwenye saluni moja Kariakoo, kwa shilingi elfu tano. Tundu la kwanza nilitogwa nikiwa mtoto mchanga na halikuwahi kunisumbua. Hili la pili nililitaka juu kidogo ya lile la kwanza kwa sababu shoga yangu alikuwa nalo na lilimkaa vizuri. Bunduki ya kutogea ikalia ta, kihereni kikakaa, tukaenda zetu kula chipsi mayai.

Miezi mitatu baadaye nyuma ya sikio palikuwa na kitu kama punje ya choroko. Kikawa harage. Mwaka ulipogeuka kilikuwa korosho, na si kwa ukubwa tu: kilijikunja vilevile, kigumu, kinang'aa. Watu wakiona keloidi, yaani kovu linaloota na kuendelea kukua, wanauliza kama inauma. Mimi yangu ilikuwa inawasha. Usiku niliamka najikuna nyuma ya sikio nikiwa usingizini nusu, asubuhi foronya ina vidoa vya damu.

Bahati yangu navaa shungi, kwa hiyo dukani ninakouza vitenge hakuna aliyejua. Kazi ilikuwa kwenye singo na kitchen party, wanawake wakishabaki wenyewe kwa wenyewe na kila mtu amefungua kichwa kuonyesha alivyosukwa. Mimi nabaki na mtandio wangu, nikiulizwa nasema nina baridi. Baridi, Dar es Salaam, mwezi wa pili.

Nianze na ya nyumbani, maana najua wengi mnaosoma mko hapo sasa hivi. Shangazi yangu wa Tanga aliniambia kinyama hakikatwi, kinafungwa uzi shinani kikaukie chenyewe. Nikafunga. Siku ya nne kilikuwa cheusi, siku ya saba kinanuka, siku ya tisa nipo kwenye zahanati ya mtaani nachomwa sindano za kukausha usaha. Kipande kidogo cha juu kilidondoka kweli, lakini pale pembeni uzi ulipokuwa umekata ngozi, kovu likajitanua upya. Baada ya hapo jirani akaleta habari ya kitunguu saumu. Nilikiponda, nikakibandika kwa plasta, nikalala nacho. Kitunguu saumu kibichi kinaunguza ngozi kama uji wa moto. Niliamka na malengelenge hadi shingoni, na alama yake ipo mpaka leo. Kulikuwa na mzee mmoja pia aliyetaka kunichanja chale kuzunguka kinyama ili dawa ipenye. Nilikataa kwa kuogopa wembe tu, si kwa akili. Mwili wa kutunga keloidi ukiuchanja chale kumi, unaweza kuvuna keloidi kumi.

Mwaka 2018 nikaamua kukata. Hospitali ndogo ya binafsi, laki moja na elfu themanini, nusu saa nimetoka. Nilirudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo nikalia kwa furaha. Aliyenikata alifanya kazi safi, nyuzi zilikuwa ndogo ndogo mno. Akaniambia nirudi baada ya wiki moja kutoa nyuzi, na hayo ndiyo maagizo yote niliyopewa. Mwezi wa nne kovu likaanza kuinuka. Mwezi wa saba sikio langu lilikuwa limebanwa mbele na nyuma na kitu kama ukwaju wenye kokwa mbili.

Hapo ndipo niliposusa. Karibu miaka mitatu sikuenda popote. Katikati ya kususa huko nikatokwa na chunusi kifuani, nikaiminya kama mtu yeyote anavyominya chunusi, nayo ikageuka keloidi ya pili. Hii ya kifua ilikuwa mbaya kuliko ya sikio, maana ilikuwa inatambaa kwenda pembeni, kulia na kushoto, na sidiria ikiigusa nilikuwa nasikia kama pilipili.

Daktari wa ngozi nilimwona mara ya kwanza mwaka 2021. Nasema hili kwa uchungu kidogo: miaka mitano nilikuwa nazunguka kwa kila mtu isipokuwa kwa mwenye kazi yake. Nilidhani daktari wa ngozi ni wa matajiri wa Masaki. Kumbe hospitali ya KCMC pale Moshi kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi, na waliosomea pale wametawanyika kwenye hospitali nyingi za serikali. Ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa wako kliniki ya ngozi ni siku gani.

Yule daktari hakugusa kitu kwanza. Alipima kwa rula, akaandika urefu, upana na kimo, akapiga picha. Kisha akauliza, "Dada, nyumbani kwenu nani mwingine ana kovu la hivi?" Nikajibu hakuna. Jioni nikafika nyumbani, mama katoka kuoga, kajifunga kanga kifuani, nikaliona begani kovu lake la chanjo ya ndui, nene kama kifungo cha koti. Nimeliona kovu lile tangu nazaliwa na sikuwahi kuliona. Keloidi hufuata ukoo. Na sisi weusi wa ngozi ndio inatupata zaidi, hasa kati ya balehe na miaka thelathini hivi, na inapenda masikio, kifua, mabega, taya na juu ya mgongo.

Alinieleza kwa maneno ambayo nilitamani ningeelezwa kabla ya kile kisu cha 2018. Kidonda cha kawaida kikishafunga, mwili unaacha kutengeneza kolajeni, ile nyuzinyuzi inayoshikilia ngozi. Mwili wangu hauachi. Unaendelea kujenga hadi unavuka mipaka ya kidonda, na hapo ndipo keloidi inapotofautiana na kovu la kawaida lililovimba, ambalo hubaki ndani ya mipaka yake. Kwa hiyo ukikata ukaacha hivyo hivyo, umeupa mwili kidonda kingine, kikubwa zaidi, cha kufanyia kazi ileile. Vitabu vyao vinasema keloidi iliyokatwa bila tiba nyingine hurudi kati ya asilimia 45 na 100. Si saratani, na haigeuki saratani. Jina lenyewe lilitolewa na daktari wa Kifaransa, Jean-Louis Alibert, mwanzoni mwa karne ya 19, kutoka neno la Kigiriki la gando la kaa. Nilipoambiwa hivyo nikaangalia kifua changu nikayaona magando yote mawili.

Tiba ya kwanza ilikuwa sindano za steroidi, dawa ya kushusha uvimbe na kulainisha kovu, yenyewe inaitwa triamsinoloni. Niwaelezee sindano yenyewe ilivyo, maana niliambiwa "utasikia kidogo tu" na nikaja kumwona aliyeniambia kama mwongo.

Dawa ni nyeupe, kama maziwa yaliyotiwa maji, na chupa lazima itikiswe maana unga wake unatuama. Bomba ni dogo, sindano nyembamba. Tatizo halikuwa sindano kuingia, tatizo lilikuwa dawa kuingia. Keloidi ni ngumu kama kandambili ya tairi. Daktari alikuwa anasukuma mpaka kidole gumba kinatetemeka, na dawa haisogei, halafu ghafla inaingia na kovu linageuka jeupe kama limekufa. Mara ya kwanza presha ilizidi, sindano ikachomoka kwenye bomba na dawa ikaruka ikatapakaa kwenye miwani yake na kwenye shungi langu. Tulicheka wote wawili, mimi huku machozi yananitoka. Baadaye alianza kunipaka krimu ya ganzi saa nzima kabla na kuchanganya ganzi ndani ya dawa, pia akibadilisha bomba linalofunga sindano kwa skrubu. Ikawa inavumilika. Ya kifuani inauma kuliko ya sikioni, jiandae.

Kila baada ya wiki nne, elfu arobaini na tano kwa sindano. Baada ya ya kwanza, kuwashwa kulipungua ndani ya siku chache. Sikuamini. Nililala usiku mzima bila kujikuna. Baada ya ya tatu, kovu la kifua lilikuwa limelainika na kushuka karibu nusu.

Hapo nikafanya kosa ambalo naona wengi wanalifanya: nikaacha. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, duka limejaa, hela inahitajika kwa mzigo, na kovu limelala, nikasema alhamdulillah inatosha. Miezi mitano baadaye gando la kulia lilikuwa limeinuka tena. Daktari hakunigombeza. Alifungua faili, akatoa rula, akapima, akasema, "Tunaanza moja." Mara hii nilienda sindano nane mfululizo bila kuruka.

Madhara nayo nitaje. Kuzunguka kovu ngozi yangu ilipauka, ikawa na madoa meupe kama mtu aliyejipaka mkorogo kwa kidole. Nilishtuka sana. Yalichukua karibu mwaka kurudi rangi, na padogo hapajarudi. Sehemu moja ngozi ikawa nyembamba, mishipa inaonekana, daktari akapunguza nguvu ya dawa. Na hedhi ikavurugika: mwezi mmoja ilikuja mara mbili, mwezi uliofuata haikuja, nikanunua kipimo cha mimba kwa woga. Nilipomweleza akasema ni dawa, hutokea. Ungeniambia mapema, dokta. Mwenye kisukari pia aseme kabla ya kuchomwa, steroidi inaweza kupandisha sukari.

Kovu la kifua lilipofika mahali likagoma kushuka, aliongeza dawa ya pili ndani ya bomba, fluorourasili. Akanieleza kwamba ni dawa ambayo wagonjwa wa saratani hutumia, lakini kwa keloidi inatiwa kidogo ndani ya kovu tu, kuzuia zile chembe zisizoacha kujenga. Akanitaka nipime mimba kwanza, maana haipewi mjamzito. Mimi nilielewa. Kosa langu likawa kuacha karatasi mezani. Mdogo wangu akaisoma, akaitafuta kwenye simu, akamwambia mama. Niliporudi kutoka dukani nilikuta shangazi wawili, jirani, na mama anafuta macho kwa upindo wa kanga. "Mwanangu, kwa nini umetuficha?" Ilinichukua mpaka isha kuwaelewesha, na jirani yule naamini mpaka leo hajaamini.

Leza sasa. Huku ndiko nilikotupa pesa nikiwa na akili timamu.

Mwaka 2022, katikati ya zile sindano, niliona tangazo la sehemu ya urembo: "Tunaondoa keloidi kwa leza, bila maumivu." Nilikuwa nimechoka kuchomwa. Nikaenda bila kumwambia daktari. Dada aliyenihudumia alikuwa mpole, alivaa koti jeupe, chumba kina kiyoyozi na maua. Sikuuliza chochote. Aliwasha mashine, akapitisha kwenye kifua, nikasikia harufu ya kuku anayebabuliwa manyoya. Laki moja na nusu. Na nikarudi mara ya pili! Baada ya ile ya pili ngozi ya pembeni ya kovu ikaungua, vidoa sita vya duara, na viwili kati ya hivyo vikaanza kuvimba kuwa keloidi vyenyewe. Kumbe mashine ile ilikuwa ya kutolea nywele za miguu.

Nilirudi kwa daktari wangu kichwa kimeinama. Ndipo nikajifunza kuwa "leza" si kitu kimoja, ni kama kusema "dawa". Leza ni mwanga, na kila mwanga una kitu unachokitafuta ndani ya ngozi. Kuna ile inayolenga damu ya vimishipa vinavyolisha kovu, ya urefu wa wimbi wa nanomita 585 au 595. Inasaidia wekundu na muwasho, lakini weusi wetu, yaani melanini, unaunyonya mwanga huo pia, ndipo ngozi inapoungua au kupauka. Ile ya nanomita 1064, wanaiita Nd:YAG, inapita chini zaidi na melanini haiinyonyi sana, ndiyo maana kwa ngozi nyeusi wengi huitegemea hiyo. Na kuna leza ya kaboni dayoksaidi inayotoboa vitundu vidogo mno, kama chujio, halafu dawa ya steroidi inadondoshewa juu na kupenya kwenye vitundu hivyo. Ila leza ya kuchoma kovu lote na kukuacha uende ni kisu kwa jina lingine.

Aliniandikia barua kwa mwenzake mwenye mashine hizo. Huyu alianza kwa kujaribu eneo la ukubwa wa ncha ya kidole, akaniambia nirudi baada ya wiki sita tuone ngozi imepokeaje. Nilikereka, nilitaka kumaliza. Leo mtu akitaka kukupiga leza kifua kizima siku ya kwanza, nakuomba chukua mkoba wako uondoke. Muulize ni mashine gani, ameitumia kwa watu weusi wangapi, na akuonyeshe picha zao za miezi sita au mwaka baadaye, si za wiki ya pili. Wiki ya pili hata mimi wa 2018 nilikuwa mrembo.

Nilipigwa mara nne, laki mbili na nusu kila mara, ile ya vitundu pamoja na dawa ya kudondoshea. Vitundu vilipofunga, kovu likawa linashikika laini, hata sindano iliyofuata iliingia bila daktari kukaza meno. Siku tatu au nne kifua kinawaka, kinatoa ukoko mdogo mdogo, huruhusiwi kubandua. Jua lisiguse. Kwa kuwa navaa baibui hilo halikunisumbua, lakini mwendesha bodaboda mmoja tuliyekaa naye benchi moja kliniki, yeye keloidi yake iko tayani, alikuwa anahangaika na kofia ngumu na jua la mchana kutwa. Kuhusu leza nitasema hivi: kwangu ilisaidia, lakini kazi kubwa ilifanywa na sindano. Mwenye pesa ya kimoja, anunue sindano.

Sikio tulilirudia mwaka 2023. Lilikatwa tena, ndiyo, lakini safari hii kukata kulikuwa siku ya kwanza ya tiba, si ya mwisho. Sindano ya steroidi nilichomwa palepale kitandani kabla sijashuka, kisha kila mwezi mara nne. Nyuzi zilipotoka nikapewa hereni za kubana, klipu mbili za plastiki zinazominya sikio mbele na nyuma ili kovu likose nafasi, nikalala nazo miezi minane. Kifuani nikabandika plasta ya silikoni, ile nyororo inayooshwa na kutumika tena, saa kumi na mbili kwa siku na zaidi. Hakuna anayekuambia jinsi silikoni inavyoteleza kwa jasho la Dar. Nilikuwa naivaa usiku feni ikiwa juu kabisa, na ngozi ikitoa vipele napumzisha siku mbili. Kuna wanaopigwa mionzi baada ya kukatwa, ndani ya siku moja au mbili. Mimi daktari alisema hatuhitaji kufika huko kwa kovu la ukubwa wangu na umri wangu.

Daftari langu la duka lina ukurasa wa haya yote, naukunja nisiuone. Inakaribia milioni tatu, bila nauli. Laki tatu zilikwenda kwenye mashine ya nywele. Laki moja na themanini kwenye kisu cha kwanza. Sindano tatu nilizoziacha njiani nazihesabu pia, maana nilizilipia mara mbili. Bima yangu ilikataa kulipa, wakaandika "urembo". Niliwapelekea barua ya daktari inayotaja muwasho na maumivu, wakalipa upasuaji wa pili nusu. Kwa hiyo omba barua, na iandikwe dalili zako, si mwonekano wako.

Sasa hivi sikio liko bapa, na mstari mwembamba ukiutafuta. Kifua kimelala, doa la kahawia la umbo la kaa lipo na sidhani kama litaondoka. Narudi kliniki kila baada ya miezi sita kupimwa kwa rula. Mwaka jana gando la kushoto liliinuka milimita mbili, nikachomwa moja likatulia.

Mwezi uliopita dada yangu alitaka kumtoga binti yake wa miaka sita kwa ajili ya harusi ya binamu. Tuligombana jikoni. Alisema mimi nilitogwa mchanga na sikupata kitu, nikamwonyesha bega la mama, nikamwonyesha kifua changu. Mwishowe tukamnunulia mtoto hereni za kubana zisizohitaji tundu, za maua ya rangi ya dhahabu, elfu tatu pale Kariakoo. Moja aliipoteza kwenye daladala kabla hatujafika Buguruni, akaenda harusini na sikio moja linang'aa, na hakuna aliyemwambia kitu.